Kombe Kabla ya Dawa ya Usingizi

Mastura alifika Kivinje jana kutoka Pande. Binti yake Moza, wa miaka sita, alikuwa na jipu kubwa pajani. Siku nane hakanyagi chini. Leo daktari wa Lindi angelipasua. Kesho alfajiri angeondoka.

Bwana Laurenti, dresa wa hospitali, msaidizi wa daktari, alikuwa amewaonya: "Tangu usiku mtoto asile, asinywe."

Lakini Bibi Kazija, mama mkwe wa Mastura, ambaye walifikia nyumbani kwake, alikuja na kombe. Aya zilikuwa zimeandikwa kwa zafarani sahanini, kisha zikaoshwa kwa maji.

"Mjukuu wangu aende kwenye kisu bila kombe?" alisema. "Haiwezekani!"

Moza akanywa bakuli zima kabla jua halijatoka. Akalilia kitumbua, akapewa.

Hospitalini Mastura hakutulia. Alikaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi.

"Dada, utachimba shimo hapo," alisema Brigita wa Mitole, aliyekaa naye kwenye benchi.

Laurenti alikuja. "Hajala kitu?"

"Hajala," Mastura alijibu haraka. Moyoni alisema, kombe ni dua.

Laurenti alimwonyesha Moza kikapu kidogo cha waya kilichofunikwa kitambaa. Akajiwekea puani.

"Unafanana na punda aliyefungwa mdomo!" Moza alicheka.

"Basi leo punda ni wewe. Nitadondosha dawa hapa juu, tone kwa tone. Inanuka vibaya kidogo. Wewe vuta pumzi tu. Hakuna atakayekushika kwa nguvu."

"Na kwa nini asile?" Mastura aliuliza.

"Akilala, koo nalo hulala. Akitapika, matapishi huingia kwenye mapafu. Mtoto hufa mezani, mama, nasi tunatazama."

Mastura akamvuta Moza karibu. Akisema, atapoteza nafasi, na daktari anaondoka. Akinyamaza...

"Bwana Laurenti, nimekudanganya. Amekunywa kombe alfajiri. Na kitumbua."

Bibi Kazija, aliyekuwa amewafuata, akaruka. "Aya za Mungu zitamdhuru?"

"Shikamoo, bibi. Aya hazidhuru," Laurenti alijibu. " Ni maji na kitumbua tumboni. Kombe mngempa jana jioni, au mngesubiri aamke."

Laurenti aliingia ndani. Mastura alisoma dua, akasahau mwisho wake, akaanza tena. Laurenti akarudi.

"Daktari atamweka wa mwisho, saa kumi alasiri. Mpaka hapo, hata tone la maji hapana."

Zilikuwa saa ndefu. Moza alilia kiu. Bibi Kazija alimpepea kwa ukingo wa kanga, wala hakumpa kitu.

Saa kumi Mastura aliruhusiwa kusimama karibu na meza. Laurenti alifunika macho ya Moza kwa kitambaa, akashika kile kikapu juu ya pua, mbali kidogo kwanza.

"Moza, nisomee herufi za chuoni."

"Alifu... be... te... the..."

Tone. Tone. Laurenti alikishusha polepole. Moza alikohoa, Laurenti akangoja, akaendelea.

"Jimu... he..."

Herufi ya saba haikutoka. Kifua kilipanda na kushuka taratibu. Mastura akatolewa nje.

Kabla ya magharibi Moza alifumbua macho. Alitapika kidogo, amelazwa ubavu, akaomba maji. Laurenti alimruhusu baada ya muda, kijiko kwa kijiko.

Wiki ya tatu Moza alikimbia uani. Daktari aliporudi, Brigita alipita akimpeleka mwanawe hospitali kupasuliwa, na Bibi Kazija ndiye aliyemwahi mlangoni pake.

"Amekula? Amekunywa? Usinifiche!"

Na kombe aliloandika kwa ajili ya mtoto yule alikuwa amelifunika kwa kawa, juu ya rafu, likimngoja aamke.