Nafasi ya Mwisho Katika Safu

Unyevu ndio uliomshtua kwanza mke wa msanii. Alikuwa amempelekea mumewe chai karakanani, nyuma ya nyumba, akainama kuitazama kazi iliyolazwa sakafuni: vipande vya jamvi kuukuu la msikiti, kila kimoja kikimtosha mtu mmoja kusali, vyote vimemiminiwa gundi angavu iliyoganda ngumu kama kioo. Kila kipande kilikuwa na uchakavu wake: hapa magoti, hapa viganja, hapa paji la uso. Kipande cha mwisho kilikuwa kimelowa. Alikifuta kwa ncha ya mtandio. Mtandio ukabaki mkavu. Maji yalikuwa chini ya gundi.

"Mume wangu, hiki kimeingia maji."

"Hakiwezi. Nimekiziba mwenyewe."

"Na magoti haya mbona yameachana hivi? Aliyesali hapa alikuwa mtu au meza?"

Msanii alicheka tu, ingawa alijua kipande kile kilitoka wapi.

Msikiti ule ulikuwa wa baba yake, imamu marehemu. Tingatinga liliusawazisha asubuhi moja, na mahali pake pakaota jengo la ghorofa lenye vioo vya buluu, hata mwezi mwandamo haukuonekana tena kutoka mtaani. Wenye jengo walimwita mwana wa imamu awatengenezee sakafu ya ukumbi, ili wageni wakanyage kumbukumbu wakielekea kwenye lifti. Alikubali. Alisema sanaa yake itauuliza mji: imani inakwenda wapi mji unapokimbia? Swali jema. Mola amrehemu alijibuye kwa magoti yake kabla ya kuwauliza wenzake. Huyu hakuwa amesujudu tangu alipomzika baba yake.

Alipigwa kofi mara moja tu ndani ya msikiti ule, utotoni, siku alipokaa mwisho wa safu ya nyuma. "Hapo pana mwenyewe," baba alimwambia. Hata Ijumaa ya kubanana, waumini waliona heri kusali nje juani kuliko kuijaza nafasi ile. Hapakukaliwa na mtu, na bado jamvi la pale lilichakaa kuliko la yeyote. Ndiyo sababu alilikata. Uchakavu wake ulimpendeza.

Jua lilipozama, mama yake aliongoza sala ya magharibi sebuleni, mkwewe ubavuni pake. Fatiha ilipokwisha waliitikia "Amina" pamoja. Kisha, kwa kuchelewa kidogo, karakanani ambamo hamkuwa na mtu, sauti nzito kama itokayo kisimani nayo ikaitikia.

Mama alimaliza sala yake, akamwendea mwanawe mezani.

"We mtoto, umetuletea nani nyumbani?"

"Ni jamvi tu, mama."

"La wapi?"

Akajisogezea sahani bila kumtazama.

"Umemkatia mahali pake!" Bibi kizee alishusha sauti, kana kwamba kuta zina masikio. "Baba yako alimtunzia nafasi ile maisha yake yote, na hakutudhuru hata kwa ndoto mbaya. Ni muumini mwenzetu. Mrudishie."

"Nimrudishie wapi? Pale pana lifti sasa."

"Basi ivunje hiyo gundi yako."

"Ufunguzi ni kesho, mama."

"Na yeye atasujudu wapi?"

"Mji wote huu atakosa pa kusali? Na atafute ghorofa kama wenzake!"

Aliyasema hayo akicheka, na ulimi, jamani, hauna mfupa.

Kabla ya adhana ya alfajiri mkewe aliamshwa na harufu ya maji ya udhu juu ya mawe ya kale, kisha akasikia viungo vikialika kimoja baada ya kingine kama vya mzee anayeshuka kusujudu, na alipogeuka akamwona mumewe amelala kifudifudi, macho wazi, mashimo mawili yamebonyea kiunoni mwake, yameachana kuliko magoti ya mwanadamu yanavyoweza kuachana, na katikati ya mabega yake shimo la tatu, la mviringo, likijaa maji taratibu.

"Anasali juu yangu," mume alinong'ona.

"Kivunje kile kipande, nakusihi. Atakuvunja mgongo!"

"Baada ya ufunguzi."

Jioni ile ukumbi ulijaa suti na manukato. Msanii alisimama juu ya kipande cha mwisho, kipaza sauti mkononi, akieleza maana ya sijda kwa watu waliovaa viatu, na adhana ya magharibi ilipopenya vioo kutoka msikiti wa mbali alijaribu kuendelea kusema, lakini kitu kilimkunja magoti, kikamlaza viganja, kikamsukuma paji la uso hadi likagonga gundi, na mgongo wake ukabonyea mbele ya macho yao wote, mara hapa, mara pale, huku kipaza sauti kilichoanguka kikiueneza ukumbini mlio wa mifupa yake.

Wakapiga makofi.

"Kali hii!" mmoja alisema. "Hata mwisho ameupanga!"

Mama, aliyekuwa amemfuata hadi ukumbini, alipiga magoti kando yake. "Ewe uliyesali nyuma ya mume wangu, kwa haki ya aliyekutunzia nafasi, mwachilie mwanangu."

Sala ilipokwisha, mzigo uliondoka. Usiku huohuo walikipasua kipande kile kwa nyundo. Jamvi lilitoka vumbi tupu, gundi ilikwisha kulila. Hapakuwa na cha kumrudishia mwenyewe.

Tumeonywa juu ya siku ambayo watu wataitwa wasujudu na migongo yao ikatae. Huyu mgongo wake haukatai tena. Kila adhana humlaza, nyumbani, njiani, popote imkutapo. Wenye jengo walituma salamu, wakiomba aje kuwafanyia wageni vile kila jioni.

Mama angali akiongoza sala. Akimaliza Fatiha hungoja kidogo, hadi Amina ile iliyochelewa isikike, kisha huendelea. Mkewe humpaka mumewe mafuta mgongoni, akilia kimya kimya, kwa kuwa ngozi imeanza kuchakaa: hapa magoti, hapa viganja, hapa paji la uso.