Gundi ya Unga

“Mifuko sita ya gundi ya unga, dada. Alikuja kuichukua mwenyewe, Machi mwanzoni.”

“Una uhakika ni Kensaku?”

“Kensaku wa kwa Mzee Tokunaga, mchumba wako. Kwani kuna mwingine? Alisema gundi ya mwani inamchelewesha.”

Nilimshukuru muuza vifaa nikakata simu. Mfuko mtupu wa gundi ya kiwandani ulikuwa bado mkononi mwangu. Nilikuwa nimeukuta nyuma ya magunia ya chokaa, nikiisafisha karakana kabla ya harusi. Zilibaki siku kumi na moja.

Mimi ni Chizuru, binti pekee wa Mzee Tokunaga, fundi lipu wa hapa mjini Uchiko, Japani. Vizazi vinne ukoo wetu umepaka kuta kwa chokaa, nyuzi za katani na mwani uliochemshwa mpaka ukawa gundi. Siku hizi watu wanabandika karatasi ukutani, kazi zikakauka. Mimi na Kensaku, mwanafunzi bora wa baba, ndio tuliomshawishi mzee atengeneze lipu nyepesi ya kupaka juu ya bodi za jipsamu, tuiuze kwenye ndoo mpaka Osaka. Kwenye ndoo tukaandika: mwani mtupu, hakuna kemikali. Baba alihangaika na mchanganyiko ule miezi minane hadi ukakubali.

Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa zahanati ya wajawazito. Wiki tatu baada ya kumaliza, kipande cha dari kilibanduka kikamwangukia muuguzi, mfupa wa bega ukavunjika.

“Ni mwani,” Kensaku aliniambia siku ile. “Mzee anazeeka, Chizuru. Aliuchemsha vibaya. Usimlaumu sana.”

Nikamwamini. Nikamwambia baba asiguse tena sufuria. Aliinama akaniomba radhi, mimi mwanawe, kisha akaenda kupiga magoti mbele ya muuguzi yule. Tangu hapo hakukanyaga karakana.

Nikiwa bado nimesimama karakana, Kensaku aliingia akipiga mluzi. Nikauweka mfuko mezani. Mluzi ukakatika.

“Chizuru, nisikilize.”

“Nakusikiliza.”

“Mwani aliouchemsha mzee ulitosha ndoo chache tu; kuchemsha wa ndoo zote zile kungechukua wiki mbili. Zahanati walitaka kufungua Aprili, nikatia gundi ya unga; sikujua haitashika. Wewe mwenyewe ulikuwa unanipigia kila saa, tumefika wapi, tumefika wapi.”

“Kwa hiyo ni mimi.”

“Sijasema hivyo.”

“Miezi minne umekula meza moja na baba. Ulikuwa unamtazamaje?”

“Nilitaka kusema. Nikaogopa utaniacha.”

“Ukaona bora mzee abebe, ili wewe unioe.”

Akalia. Nilimpenda mwanaume huyu tangu nina miaka ishirini na sita, na hata pale alipokuwa analia nilikuwa bado nampenda. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote.

“Nenda, Kensaku. Na nguo zako za kazi zichukue.”

Baba nilimkuta chumbani, uji wa mchele umepoa mbele yake.

“Baba, haikuwa sufuria yako.”

“Najua.”

“Unajua nini?”

“Niliokota kile kipande cha dari. Nikakilowesha, nikakinusa. Mwani wangu haukuwemo.”

“Tangu Aprili? Mbona hukusema?”

“Ulikuja kwangu umeshaamua, mwanangu.” Alisukuma bakuli pembeni. “Na nilikuwa naona unavyomtazama. Mama yako hayupo, mimi nina miaka sabini na nne. Nikasema bora mimi nikose kazi kuliko wewe ukose mtu.”

“Ukaniacha niolewe na mwongo.”

“Nilikosea. Nilidhani atakuja kusema mwenyewe. Kila asubuhi nilikuwa namsubiri.”

Nikaweka paji la uso mkekani, nikamwomba msamaha. Akanyoosha mikono yake niione. Vidole vilikuwa vimekakamaa.

“Zamani haikuwa hivi,” akasema. “Miezi minne bila kushika mwiko wa lipu, kwa umri wangu, ni mingi.”

Kesho yake nilivunja harusi, nikaenda zahanati kuwaeleza ukweli. Muuguzi alinisikiliza, mkono wake ukiwa bado hauinuki kupita kifua.

“Yule mzee alinipigia magoti kwa kosa la mtu mwingine?” akauliza.

“Ndiyo.”

“Na wewe ulikuwa wapi?”

Nikaomba waniruhusu niipake dari ile upya.

Siku iliyokuwa ya harusi nilikuwa juu ya ngazi nikipaka dari ileile upya. Nilichemsha mwani mwenyewe, siku tisa mfululizo. Baba alikaa kwenye kiti akinielekeza kwa mdomo. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu.

“Nani?” akauliza.

“Kensaku.”

“Anasemaje?”

Nikamsomea: “Nisamehe. Niruhusu nije nipake nanyi, hata leo tu.”

“Na wewe unasemaje?”

Niliufuta ule ujumbe.

“Nisogezee ndoo, baba.”

Akainuka, akaishika ndoo kwa mikono miwili. Ikamshinda. Nikashuka ngazi, nikaibeba mwenyewe.