Wimbo wa Kufungia

Katika Uwanja wa Mawe, jijini Mwanza, watu elfu arobaini walikuwa kwenye tamasha la roki, na palikuwa kimya. Hapakuwa na spika hata moja. Jukwaani wazee wanne wa bendi ya Chuma Chakavu walikuwa wanajituma kwelikweli, mpiga ngoma jasho linamtiririka, mwimbaji Kagoro amefumba macho na kukishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Chini yao wengine walikuwa wanaruka, wengine wanayumba taratibu, wengine wanafuta machozi. Mtu aliyepita nje ya ukuta angedhani humo ndani watu wanafanya mtihani.

Muziki wote ulikuwa masikioni. Kila mmoja alikuwa amebandika nyuma ya sikio kisikizi, gamba dogo lisilozidi punje ya hindi, na visikizi vyote viliongozwa na mtambo ulioitwa Mpangaji. Vihisi vya jukwaani vilinasa vidole vya wapiga magitaa na pumzi ya mwimbaji. Mpangaji akavipokea, kisha akampa kila mtazamaji tamasha lake: nyimbo anazozipenda yeye, kwa mpangilio anaoutaka yeye, kwa sauti za bendi zilizohifadhiwa tangu enzi za ujana wao. Mpiga ngoma akipiga pigo moja, sikio liliweza kupewa mawili au nusu, na macho hayakugundua kitu. Kijana aliweza kuwa anarukia "Mgao wa Umeme" huku mchumba wake, aliyemshika mkono, akilia na "Reli ya Kati". Hakuna aliyelalamika hata kidogo.

Aliyeubuni mtambo huo alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na vyoo, amevaa kitambulisho cha kampuni na raba zilizochoka. Injinia Mbuke Shija hakulazimika kuja. Ziara ya bendi kuzunguka ziwa ilikuwa inaishia hapo, na mitambo ilikuwa inajiendesha yenyewe bila kuhitaji mtu. Alikuja kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kukaa naye, na kwa sababu zamani, siku kama hii, angekuwa na mdogo wake Lugendo ubavuni, wanabishana.

Na walibishana haswa. Siku hizo bendi ilipiga mpangilio mmoja kwa watu wote, na mpangilio huo ulikuwa mali ya umma, kila mtu ana haki ya kuutukana. Tamasha likiisha, mashabiki walimwagika kwenye vibanda vya chipsi nje ya uwanja na kesi ikaanza kusikilizwa. Nani kawaambia waanze na "Reli ya Kati"? Kwa nini Bukoba wamepewa "Mgao wa Umeme" na Mwanza wamenyimwa? Watu wasiojuana walishikana mashati, kisha wakachangia sahani moja ya mishikaki. Aliyekosa tamasha alipigiwa simu asomewe nyimbo zote moja baada ya nyingine, ili naye apate cha kukasirikia.

Ugomvi wa Mbuke na Lugendo ulikuwa juu ya wimbo mmoja tu, "Taa ya Jikoni", wimbo wa taratibu unaomhusu mama anayeacha taa ikiwaka mpaka watoto wote warudi. Mama yao alikuwa hivyo hivyo. Lugendo alishikilia kwamba bendi inapaswa kuanza nao, maana taa mtu huiwasha anapoingia ndani. Mbuke alishikilia kwamba ni wa kufungia, maana taa ya jikoni ndiyo ya mwisho kuzimwa. Walianza ubishi huo wakiwa wanafunzi, wakaendelea nao baada ya kumzika mama yao, na ukweli ni kwamba hawakuwahi kuzungumza habari za mama yao kwa njia nyingine yoyote. Lugendo alipohamia Tabora kusimamia ghala la roboti, ugomvi ukahamia kwenye simu. Mke wa Lugendo alipofariki, Mbuke alimpigia na hakujua aseme nini, mpaka Lugendo mwenyewe alipoanza: umesikia walichofanya Kisumu? Wakabishana mpaka sauti zikawakauka, na wote wawili wakalala vizuri siku hiyo.

Lakini Mbuke alikuwa injinia, na injinia akiona watu wanagombana huona tatizo linalosubiri suluhisho. Kampuni ilitaka mashabiki watulie, naye akawatuliza. Mpangilio wa kwanza kabisa kuingizwa kwenye Mpangaji ulikuwa wa Lugendo, unaoanza na "Taa ya Jikoni". Ilikuwa zawadi yake kwa mdogo wake, na alikaa karibu na simu kama mtoto anayesubiri kusifiwa.

Lugendo alipiga baada ya tamasha la kwanza.

"Ilikuwa nzuri," alisema.

"Hata kwangu," alijibu Mbuke.

Kila mmoja alitafuta neno la kuongeza, asilipate, wakaagana kwa upole. Tamasha lililofuata wakasema maneno hayo hayo. Simu zikapungua, zikawa za sikukuu, zikawa salamu za maandishi. Hawakukosana. Afadhali wangekosana, maana waliokosana huwa na cha kupatanishwa. Vibanda vya chipsi navyo vilifungwa kimoja kimoja, kwa kuwa watu walitoka uwanjani wakitabasamu peke yao na kwenda moja kwa moja kwenye magari yao yasiyo na dereva.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza pale karibu na vyoo, tamasha likiwa ndiyo kwanza limeanza, wakati kisikizi chake kilipolia mlio mwembamba na kuzima. Mama wa visikizi vyote duniani alikuwa amesahau kuchaji chake.

Mwanzoni alisikia viatu tu. Kisha akasikia watu wanaimba kwa chini bila kujua kwamba wanaimba, kila mmoja wimbo wake, huyu ubeti wa kwanza, yule kiitikio cha wimbo mwingine kabisa, minong'ono elfu arobaini isiyokutana mahali popote. Alikuwa amepima uwanja huu kwa kila aina ya kipimo, na hakuwahi kuusikiliza. Akaanza kusogea mbele, akipenya katikati ya watu waliompisha bila kumwona, mpaka kitambulisho chake kikamvusha uzio wa mwisho na akasimama chini ya jukwaa.

Hapo ndipo alipoisikia bendi. Magitaa bila mitambo yalikuwa nyuzi tupu, yanakwaruza kidogo tu. Ngoma zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Na katikati ya mkwaruzo huo sauti ya mzee, nyembamba, yenye ufa, ilikuwa inaimba "Taa ya Jikoni".

Mbuke alisimama kinywa wazi. Wimbo wa kwanza wa tamasha, na ni huo. Baada ya ubishi wa miaka yote ile Lugendo alikuwa ameshinda, na hapakuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa yeye. Akatoa simu na kupiga.

Lugendo alipokea haraka. Naye alikuwa anafuatilia tamasha kule Tabora, kisikizi sikioni kama kawaida yake. Mbuke akamwambia kwamba ameshinda, kwamba bendi imeanza na "Taa ya Jikoni", kweli kabisa, anawaona kwa macho yake.

"Kwangu huanza hivyo kila siku, dada," alisema Lugendo. "Si wewe uliyenipangia?"

Mbuke akasema hapana, siyo Mpangaji, ni bendi yenyewe, asikilize. Akainyoosha simu juu, karibu na miguu ya Kagoro, akaishikilia hivyo kwa ubeti mzima, kisha akairudisha sikioni.

"Naam, nasikia," Lugendo alisema kwa adabu. "'Mgao wa Umeme'. Ndio wangu wa pili."

Jukwaani Kagoro alikuwa bado anaimba juu ya taa. Mbuke akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamuuma. Yeye ndiye aliyeandika agizo lile ndani ya kisikizi: muziki wowote wa Chuma Chakavu utakaofika sikioni, kwa njia yoyote ile, upangwe upya. Alipewa hata tuzo kwa ajili ya agizo hilo. Alikuwa amejenga ukuta kuzunguka kichwa cha mdogo wake, na sasa alikuwa nje yake anabisha hodi.

Akamwomba akibandue.

"Nikikibandua nitasikia nini, dada? Friji?" alisema. "Hiki kinaniondolea sauti za nyumba. Nikikitoa nyumba inakuwa kubwa sana. Niache tu."

Mbuke angemwambia nini, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa vile vile? Alishusha simu bila kuikata. Wimbo ulikuwa umekwisha na Kagoro alikuwa anakunywa maji, akimtazama kutoka juu. Aliona kwamba kitaa cha kisikizi chake hakiwaki, akachuchumaa kwa shida, goti moja likilia.

"Mama, kifaa chako kimezima," alimwambia. "Mafundi wako upande ule, watakupa kingine."

"Shikamoo," alisema Mbuke. "Kimezima, ndiyo. Lakini nasikia."

"Marahaba. Unasikia nini?"

"Nawasikia ninyi."

Kagoro alimkodolea macho. Akageuka kuwatazama wenzake, kisha akamrudia.

"Basi tuwie radhi, mama," alisema taratibu. "Tungejua kuna mtu, tungejitahidi."

Mbuke alitaka kulia, lakini ushabiki ni ugonjwa, na kilichomtoka mdomoni kilikuwa kile kilichomkaa rohoni tangu ujana. Alimuuliza kwa nini wameanza na "Taa ya Jikoni". Uso wa mzee ukachangamka ghafla, kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini.

"Kwa sababu mwishoni sauti inakuwa imekwisha," alisema. "Ule wimbo una pale juu, unapajua. Zamani nilikuwa napafikia wakati wowote. Siku hizi napafikia mapema tu, nikiwa nimepumzika. Ukiuweka mwisho, utanipita." Akajizuia, kisha akauliza kwa haya: "Kwani wewe ungeuweka wapi?"

"Mwisho," alisema Mbuke. "Siku zote."

"Eh. Nilijua wapo watu kama ninyi," alisema Kagoro, akacheka, akajikokota kusimama na kurudi kwenye nafasi yake.

Simu ilikuwa bado mkononi. Sauti ya Lugendo ilitoka humo, ndogo, imebadilika. Kisikizi hupanga muziki, hakigusi maneno ya kawaida, kwa hiyo alikuwa amesikia yote.

"Huyo mzee ni nani?"

"Ni Kagoro."

"Kagoro gani?"

"Kagoro, Lugendo. Wa Chuma Chakavu."

"Kagoro hana sauti hiyo," alisema Lugendo. "Namsikia kila siku. Kagoro ana sauti ile ile."

"Amezeeka," alisema Mbuke. "Amezeeka kama sisi. Hapa mbele hakuna anayemsikia isipokuwa mimi."

Mbuke alibaki ameikandamiza simu sikioni, akiogopa kwamba imekatika. Kisha kukasikika kitu kinachobanduka kwenye ngozi, kidogo sana, kikifuatiwa na mlio wa simu kuwekwa juu ya meza. Na nyuma ya hapo, mzito, wa mfululizo, akausikia mngurumo wa friji ya mdogo wake.

"Haya," Lugendo alisema kutoka mbali kidogo. "Inyanyue."

Akainyanyua. Aliinyanyua tamasha zima, akibadilisha mikono ilipochoka. Bendi ilipiga "Reli ya Kati", na Lugendo akaguna. Ilipiga "Mgao wa Umeme" kwa mwendo wa wazee, naye akasema hiyo ni dharau kwa umeme wenyewe. Kagoro alikuwa anamtazama Mbuke kila alipomaliza wimbo, akiinua nyusi, na Mbuke alitikisa kichwa kukubali au kukataa. Nyuma yake watu wote wale waliruka na kulia, kila mmoja kwa wakati wake, na alipogeuka kuwatazama alijisikia vibaya, maana yeye ndiye aliyewatenga hivyo.

Wimbo wa mwisho hakuutambua. Aliupekua kichwani na haukuwemo. Ulikuwa mfupi, wa gitaa moja, na Kagoro aliuimba kwa ile sauti iliyobaki, ambayo haikuwa nyingi, akiutaja mji wenye watu wengi wanaopita bila kuamkiana. Lazima waliutunga katika miaka hii ambayo hakuna aliyekuwa anawasikia. Mpangaji humpa mtu anachokipenda tayari, na wimbo huu hakuna aliyepata nafasi ya kuupenda. Ulipokwisha, wazee wanne waliinama, na uwanja ukapiga makofi vipande vipande, kila mtu nyimbo zake zilipomalizika.

Mbuke akaweka simu sikioni. Friji ilikuwa inanguruma.

"Wimbo gani huo?" aliuliza Lugendo.

"Siujui."

"Hata mimi." Akakohoa kile kikohozi chake cha kuanzia shauri, ambacho Mbuke hakuwa amekisikia kwa miaka. "Mzuri. Lakini si wa kufungia, dada."

Mbuke aliketi chini, pale pale kwenye sakafu ya uwanja, mgongo kwenye mbao za jukwaa, watu wakimpita na tabasamu zao.

"Ni wa kufungia kabisa," alisema. "Wewe hujawahi kujua kupanga nyimbo."