Chama cha Kuzikana

Rogathe hakuwa na mama. Hakuwa na ada, wala simu, wala ndugu wa karibu mwenye mshahara. Viatu vyake vya shule vilikuwa vimeisha soli. Alikuwa na matokeo ya kidato cha nne, lakini baba yake aliyaona hafifu.

Asubuhi ile walikuwa shambani Myamba, wakichagua tangawizi. Mvua zilikuwa zimezidi. Tangawizi nyingi ilikuwa imeoza.

"Jumatatu utateremka Mwanga," alisema Mzee Elinaza. "Kuna mama anatafuta msichana wa kazi."

"Baba, nataka kusomea uuguzi."

"Uuguzi ni wa waliopata daraja la kwanza. Wewe una D za kumwaga!"

Jirani yao Beatha, muuguzi wa zahanati, alikuwa akipita.

"Shikamoo, mzee. Mbona mimi niliingia chuo na D?"

"Marahaba. Wewe uliyenichoma sindano?"

"Mimi huyohuyo. Na ulilia."

Mzee hakucheka. Beatha akamgeukia Rogathe.

"Kemia, baiolojia na fizikia umefaulu?"

"D zote. Kiswahili C."

"Basi omba. Utaanza ngazi ya cheti, uendelee hadi stashahada. Shahada baadaye, ukipenda. Ila hakikisha chuo kimesajiliwa, na usimpe dalali fedha."

"Na ada?" aliuliza mzee.

"Serikali hukopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada za afya. Aombe, ila asitegemee mkopo peke yake. Zipo hospitali zinazosomesha mtu kwa mkataba, akimaliza anazitumikia. Tena ukoo wenu una chama Dar es Salaam."

"Kile ni cha kuzikana!"

Mwaka jana mama yake Rogathe alijifungulia nyumbani, akatokwa damu nyingi. Alifia njiani kwenda hospitali. Mtoto naye hakuishi. Kesho yake chama kilileta jeneza, ng'ombe na basi zima la waombolezaji.

"Jeneza lilikuwa zuri," alisema Rogathe polepole.

"Nyamaza."

"Hakufa kwa kukosa jeneza, baba. Alikosa mtu wa kuzuia damu."

Elinaza aliinama, akaendelea kutupa tangawizi mbovu. Alitupa hata nzima. Kisha akafuta mikono kwenye suruali.

"Kaandike," alisema. "Lakini barua yetu ikifika, watadhani tumefiwa."

"Basi aanze na hilo," alisema Beatha.

Jioni Beatha alimsaidia kutuma ombi la chuo kwa simu yake. Rogathe akaandika barua:

"Wazee wetu, hakuna aliyekufa. Naomba mnisaidie nikiwa hai. Nataka kusomea uuguzi, nije kuhudumia huku kwetu milimani."

Kesho yake mtendaji wa kijiji aligonga muhuri. Elinaza alitia sahihi. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, akaifunga kwa ugali, akaibana kwa kidole gumba.

"Wakikataa?" aliuliza.

"Nitaziandikia hospitali, baba."

Basi lilipofika, mzee alimkabidhi kondakta barua kwa mikono miwili. Likaondoka kuelekea Same, njia ya Dar es Salaam, katikati ya ukungu.