Niliona, au Nilisikia?

Kila siku saa tisa alasiri, akishavua sare ya shule na kula, Karani aliketi kando ya cherehani ya mama yake na kufungua daftari lenye jalada gumu. Hilo halikuwa daftari la shule. Na Karani halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mjomba wake ndiye aliyempachika jina hilo kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, likamganda.

Mama yake alikuwa fundi wa kushona sare. Mikono ikiwa imeshika kitambaa hakuweza kushika kalamu, kwa hiyo jambo lolote baya lililotokea mtaani alilidokeza kwa chaki ya kushonea ukingoni mwa meza: "Mawe, darajani, saa nne." "Ngumi, bombani." Karani aliyahamishia maneno hayo daftarini, kisha akayatuma kwa simu ya mama kwenda kwa nesi wa zahanati, mwenyekiti wa kamati ya amani. Kamati ilikuwa na waandikaji sita kama mama, watatu kila upande wa mtaro.

Mtaro huo ndio uliougawa mtaa. Upande wa Juu, alikoishi Karani, bomba lilitoa maji. Upande wa Chini bomba lilikuwa limekauka mwaka mzima, na watu wake walilazimika kuvuka daraja la mbao kuja kupanga foleni Juu. Foleni ilizaa matusi, na matusi yakazaa ngumi. Mwezi ule peke yake watu wawili walikuwa wameng'olewa meno, na kijana mmoja alilazwa na jeraha la chupa.

Daftari lilikuwa na safu nne: nini, wapi, lini, na ya mwisho, nyembamba kuliko zote, iliyotaka neno moja tu. Niliona, au nilisikia.

"Ukikosea tahajia nitakusamehe," mama alizoea kumwambia. "Safu hii usiikosee. Ukiandika nilisikia, nesi anakwenda kuuliza kwanza. Ukiandika niliona, watu wanainuka."

Kazi hiyo haikuwapatia marafiki. Watu wa Juu walisema mama anawachongea. Watu wa Chini waliacha kumletea nguo. "Fundi," jirani mmoja alimuuliza huku akicheka kwa pembe ya mdomo, "siku hizi unashona nguo au unashona maneno?" Mama alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Jumanne moja asubuhi Karani alikuwa bombani kabla ya kwenda shule. Zamu yake ilipofika, mwanamke mmoja wa Chini aliisukuma ndoo yake kwa mguu. "Nyie maji mnayo siku nzima," alisema. "Tupisheni." Ndoo ilipinduka na maji yakamlowesha Karani kuanzia kiunoni. Hilo angeweza kulivumilia. Lililomchoma ni kicheko alichokisikia nyuma yake. Alipogeuka alimwona Chiriku, msichana wa Chini waliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tatu. Chiriku alijiziba mdomo, lakini alikuwa amekwisha kucheka.

Siku hiyo walikaa dawati moja kama paka wawili ndani ya gunia. Hakuna aliyemwazima mwenzake hata kifutio.

Karani aliporudi kutoka shuleni, alikuta umati umelizunguka bomba. Tangu saa sita mchana lilikuwa halitoi hata tone.

"Wamelikata," alisema mama mmoja aliyeshika dumu la njano. "Fundi bomba wa Chini, nani mwingine? Vifaa anavyo."

"Umemwona?" mzee mmoja aliuliza.

"Nimwone ili iweje? Wao wamekosa, wanataka na sisi tukose."

Fundi bomba wa Chini alikuwa baba yake Chiriku.

Nyumbani, mama alikuwa ametoka kupeleka sare shuleni. Simu aliiacha juu ya cherehani, na ukingoni mwa meza kulikuwa na maneno ya chaki: "Ugomvi, foleni, saa moja asubuhi." Karani aliyaandika. Kisha akabaki ameshika kalamu, sketi yake ya sare ikiwa bado haijakauka vizuri pale kwenye kamba. Akaandika mstari wa pili: Fundi bomba wa Chini amekata bomba la Juu, saa sita mchana. Kwenye safu ya mwisho mkono wake ulisita kidogo tu. Akaandika: niliona. Akatuma mistari yote miwili.

Mjomba wake, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, aliingia kuomba maji ya kunywa.

"Karani, leo umeandika nini?"

Angeweza kulifunga daftari. Badala yake alimgeuzia. Mjomba alisoma mara mbili, midomo ikitembea.

"Umemwona wewe, kwa macho yako?"

"Ndiyo, mjomba."

Mjomba aliweka kikombe chini bila kunywa, akatoka. Punde sauti yake ilisikika kutoka karakana yake: "Sasa si maneno ya foleni tena. Imeandikwa. Imo kwenye daftari la kamati." Karani alichungulia dirishani. Wanaume walikuwa wakikusanyika, wengine na spana, wengine na vipande vya nondo. Waliteremka kuelekea darajani.

Simu iliita.

"Nani kaandika ujumbe huu?" Ilikuwa sauti ya nesi.

"Mimi. Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Saa sita mchana ulikuwa wapi?"

Karani aliitazama sketi ya sare kwenye kamba.

"Ulikuwa shuleni. Na fundi bomba yuko hapa zahanati tangu saa mbili asubuhi. Amelala chini ya sinki langu, natazama miguu yake sasa hivi. Mwanangu, nani mwingine amesoma ulichoandika?"

Mama aliingia na kapu tupu, akamkuta Karani analia na simu mkononi. Alisikiliza habari yote amesimama. Hakumpiga wala hakumfokea. "Vaa viatu," alisema.

Walikimbia. Kabla ya kufika darajani walisikia mawe yakigonga mabati. Nyumba ya fundi bomba ilikuwa imezingirwa. Mlango ulikuwa umeng'olewa, dirisha limevunjwa, na watu wa Chini nao walikuwa wanatoka kwenye vichochoro vyao na magongo. Mlangoni alisimama mke wa fundi, amepanua mikono. Nyuma yake Chiriku alikuwa amejikandamiza kitambaa kwenye paji la uso, na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole vyake.

Mama alimsukuma Karani mbele. "Sema."

"Sikuona," Karani alisema. Hakuna aliyesikia. Akarudia kwa sauti iliyokwaruza koo: "Sikuona kitu. Niliandika uongo."

"Mtoto kaogopa," mtu mmoja alisema. "Mama yake kamfundisha la kusema."

Mjomba alishusha spana. "Uliniambia umemwona."

"Nilikudanganya, mjomba. Nilisikia tu kwenye foleni. Na nilikuwa na hasira."

Uso wa mjomba ulibadilika polepole, kama mtu aliyekunywa maji na kugundua ni ya chumvi. Wakati huo nesi alifika akihema, na kando yake fundi bomba, mikono bado myeusi kwa uchafu wa sinki. Fundi alitazama mlango wake ulioanguka, akamtazama binti yake, kisha akawageukia.

"Mnanitafuta? Nipo. Haya, nionyesheni. Bomba limekatwa wapi?"

Walitazamana. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekwenda kuangalia.

Nesi alibaki kumfunga Chiriku jeraha, kisha akampeleka zahanati kulishona. Fundi alivuka daraja, na umati wote, wa Juu na wa Chini, ukamfuata. Hatua mia moja kutoka bombani ardhi ilikuwa imelowa, na juu yake kulikuwa na alama ya matairi mapana. Fundi alichimba kwa mikono. Bomba lilikuwa limepondeka.

"Msumeno haupondi," alisema. "Hapa amepita mtu wa lori." Akasimama na kupangusa magoti. "Nitalitengeneza, kwa sababu kesho mke wangu naye atachota hapa. Lakini mlango wangu nataka usimame kabla jua halijazama."

Mjomba ndiye aliyebeba bawaba. Alipigilia misumari hadi jua likaanza kuzama, na watu wa Chini walimsimamia bila kumpa hata kigoda. Hakulalamika.

Kesho yake mama alimpa Karani daftari. "Niufute ule mstari?" Karani aliuliza. "Haufutwi. Andika chini yake yaliyotokea, na nani aliyeyasababisha." Karani aliandika mistari saba, akimwaga machozi zaidi ya wino.

Wiki hiyo kamati ilikutana zahanati, ikapekua madaftari yote sita. Watu walikuja wamenuna, wengine wakisema madaftari hayana kazi ila kuleta balaa. Nesi aliwasomea saa tu, hakusoma majina. Karibu kila ugomvi ulitokea kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, watoto wa shule na wachuuzi wanapogombania bomba moja. Walibishana mpaka sauti zikakauka, lakini walitoka na jambo: asubuhi ni zamu, siku moja Juu waanze, siku ya pili Chini. Na fundi bomba akakubali kuonyesha mahali bomba la Chini lilipoziba, asipoweza kupachimba peke yake, na wanaume wa pande zote wachimbe.

Siku ya Chiriku kutolewa nyuzi, Karani alikwenda zahanati. Chiriku alimwona akatazama ukutani.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

Nesi alikuwa na mkasi mdogo mkononi. "Karani," alisema bila kuinua macho, "mgonjwa akija hapa anaumwa tumbo, nikampa dawa ya kichwa kwa sababu simpendi, mimi ni nesi gani? Mtaa wetu ni mgonjwa. Anayeandika ugonjwa usiokuwapo anaua kama anayeficha uliopo. Hasira unaweza kuwa nayo, ni yako. Ila usiipe kalamu."

"Ndiyo, nesi."

Chiriku aligusa kovu lake. "Mimi nilicheka," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini wewe ulimletea mama yangu mawe. Yeye umemwambia nini?"

"Bado sijaenda. Naogopa."

"Utakwenda lini?"

"Leo."

Chiriku alishuka kitandani, akavaa kandambili zake. "Basi twende. Lakini usinishike mkono."