Fundi Uzi Aionea Huruma Serikali

Fundi Uzi aliinua shati alilokuwa akishona. Akaligeuza, akakuna kichwa. Mkono wa shati ulikuwa umekaa kwenye shingo.

"Mama watoto, hebu njoo," alimwita mkewe. "Hili shati lina nini?"

"Shati halina kitu. Mwenye kitu ni wewe. Jana ulishona suruali ukaziba miguu yote miwili."

Fundi hakucheka. Kichwa kilikuwa kinamzunguka tangu asubuhi, na macho yaliona ukungu. Aliogopa sana. Asipoweza kushona, atakuwa mtu gani? Tena dawa ya presha alikuwa anameza. Alipewa bure katika zahanati ya serikali, kama wazee wote. Sasa mbona hapati nafuu?

Mkewe akamshika mkono, wakaenda zahanati. Muuguzi akampima presha. Akapima tena.

"Babu, presha iko juu sana. Dawa unameza?"

"Nameza, mjukuu wangu."

"Kila siku?"

Fundi akainama. "Leo nameza, kesho napumzika. Na kidonge chenyewe nakikata nusu kwa mkasi."

Mkewe akamkodolea macho. "Mkasi wa kukatia nguo?"

"Niliufuta kwanza."

"Lakini kwa nini, babu?" muuguzi aliuliza.

"Si ni ya bure? Nimepimwa bure, nimetibiwa bure, na uzee huu. Nashukuru mpaka nakosa la kusema. Nikaona nisiwe mlafi. Nikibana kidogo, wazee wenzangu nao watapata."

Muuguzi akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Babu, kila mgonjwa ana fungu lake. Ukimeza nusu, presha inapanda, na unaweza kupooza. Hapo tutakulaza, na utahitaji dawa nyingi zaidi. Meza kidonge kizima kila siku, hata ukijisikia mzima. Usiache mpaka daktari akuambie."

"Na anayelipa ni nani?"

"Wewe na wenzako. Miaka yote uliponunua vitambaa, ulilipa kodi. Kodi hiyo ndiyo inayonunua dawa."

Fundi akamtazama muuguzi, akamtazama mkewe. "Sasa umenichanganya kabisa. Nimshukuru nani?"

"Meza dawa kwanza," mkewe alisema. "Utamtafuta baadaye."

Tangu siku hiyo alimeza kidonge kizima kila asubuhi, mkewe akimwangalia. Polepole kichwa kikatulia. Aliporudi kupimwa, presha ilikuwa imeshuka. Mashati yakarudi kuwa mashati.

Siku moja jirani yake, fundi viatu mzee kuliko yeye, alimwambia kifua kinambana. "Lakini sitaki kuwasumbua watu wa zahanati," alisema. "Wana wagonjwa wengi."

Fundi Uzi akafunga kibanda chake mchana kweupe.

"Kuwashukuru mpaka leo sijui nianzie wapi," alisema. "Lakini kuwasumbua nimeshafundishwa. Inuka, twende."