Aliyempumulia Mtoto

Chupa ilikuwa inatokota, na kitanda kilikuwa kitupu.

Kwa mpita njia hilo si jambo. Lakini muuguzi aliyesimama mbele ya kitanda kile alikuwa amezeekea katika wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, na wenzake walimpachika jina Kengele kwa sababu alikuwa akigeuka kumtazama mtoto kabla mashine haijalia. Chupa ile aliijua. Hewa hupita kwenye mpira, huingia puani mwa mtoto kwa vijirija viwili, na mpira wa pili huishia ndani ya chupa ya maji. Vijirija vikiijaza pua sawasawa, maji hutokota, na msukumo huohuo ndio unaoyazuia mapafu machanga yasinywee. Pasipo na pua, hewa humwagika ovyo na maji hutulia. Sasa vijirija vilikuwa vimelala wazi juu ya shuka, na maji yalikuwa yanasema bugu, bugu, bugu, taratibu.

"Nani kapaka marashi?" Kengele akauliza. Wodi ile hata sabuni ya kunukia ilipigwa marufuku.

"Nani apake marashi humu?" mwenzake akajibu kutoka kwenye sinki. "Pua yako imezeeka, mama."

Kosa lilikuwa la wodi nzima, tusimwonee mtu. Mashine ile ilikuwa korofi, ukiizima haiwaki tena mpaka uibembeleze, kwa hiyo mtoto akiondoka, kwa heri au kwa shari, waliiacha ipulize mpaka aje mwingine. Mtoto wa kitanda kile alikuwa amefariki asubuhi. Hewa ilishinda inamwagika bila mwenyewe, na huko kusikoonekana wapo wanaoitamani hewa kuliko sisi. Kengele alinyoosha mkono azime. Hapo hapo daktari akausukuma mlango kwa bega, amebeba kitu kidogo ndani ya taulo.

"Mashine ipi iko wazi?"

"Ni hii tu, lakini..."

"Lakini nini?"

Kengele akamtazama mtoto. Ngozi yake ilikuwa laini kama ganda la ndani la kitunguu, na kila alipovuta pumzi mbavu zilizama kana kwamba kifua kinataka kugusana na mgongo.

"Basi, daktari. Mlete."

Wakampitishia kooni dawa ya kulainisha mapafu, wakamvika kofia, wakamtia vijirija puani. Baadaye mama yake akaletwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amezika wawili kabla ya huyu, wote njiti, wote kwa mapafu. Waliompa pole aliwaambia asante, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa chenji dukani. Hakulia. Alikamua maziwa kikombeni, akakikabidhi, akakaa. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na ungemchoma sindano mahali hapo asingeshtuka.

Mtoto akawa anaendelea vizuri. Vizuri mno, kwa kweli. Njiti wana tabia ya kusahau kupumua. Hupewa dawa iliyo ndugu ya kahawa, ndiyo maana wauguzi hutania kwamba watoto hawa huanza kahawa kabla ya maziwa, na kahawa ikishindwa, unamtekenya unyayo akumbuke. Huyu hakusahau hata mara moja.

"Wote wangekuwa kama huyu, tungefukuzwa kazi," daktari akasema, akacheka.

Kengele hakucheka. Njiti hupumua mbiombio kama anayekimbizwa. Huyu alipumua polepole, kwa kina, kama mwanamume mzima aliyelala baada ya chakula cha mchana.

Alasiri moja mama alikuwa amemlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, dirisha liko wazi na jua linaingia, mara vijirija vikachomoka puani, na Kengele alipokimbia kuvirudisha akaona kwamba maji chupani bado yanatokota, akaukunja mpira kuikata hewa na maji yakaendelea kutokota, akauchomoa kabisa kwenye mashine na maji yakaendelea, huku marashi yamejaa wodi mpaka watoto wa vitanda vya jirani wakaanza kubadilika rangi na kengele zao kulia moja baada ya nyingine, na yule mmoja tu, kifuani kwa mama yake, akishusha pumzi ndefu, nzito, iliyoshiba.

"Mama," Kengele akanong'ona, "kwenu kuna mtu anayejua mambo haya?"

Mama hakuuliza mambo yapi. "Yupo mjomba wangu."

Mjomba, mganga wa majini, alikuja saa ya kuona wagonjwa, akanawa mpaka kwenye viwiko kama alivyoamriwa. Akatoa mfukoni chetezo cha kufukizia ubani.

"Wee! Hapa hakuwashwi moto," Kengele akamkemea. "Kuna oksijeni. Utatulipua."

Mjomba akakirudisha, ameaibika kidogo. Akainama, akatega sikio kwenye kifua cha mtoto. Akasimama.

"Yumo," akasema chinichini. "Alikuja kwa hewa isiyo na mwenyewe, mkampa na kifua. Amekaa humo kama mpangaji, na anampumulia mtoto."

"Unaweza kumtoa?" mama akauliza.

"Nikiwa hapa alipoingilia, naweza. Mtoto akivuka mlango huu naye, mwanangu, hatoki tena, si kwangu wala kwa mwingine. Lakini nikimtoa, mtoto atabaki na pumzi yake mwenyewe. Kama inatosha au haitoshi, mimi si daktari."

Mama akamgeukia Kengele. "Mapafu yake yanatosha, dada?"

Kengele alitamani kusema ndiyo. "Sijui," akasema. "Tangu aje hatujawahi kuyasikia. Huyo mwingine ameyafunika."

"Wale wengine wawili walipumua wenyewe," mama akasema.

"Najua, mama."

"Wakafa."

Mama akaukunja ukingo wa shuka, akaukunjua. Uso wake haukubadilika.

"Mwache," akasema. "Mjomba, nenda nyumbani. Mwache ampumulie."

Mjomba akashusha mikono ya kanzu yake. Akatoka bila kuaga.

Mtoto akaongezeka uzito, mashine ikaondolewa, na siku ya kuruhusiwa wauguzi walipiga vigelegele. Kengele alimfungulia mama mlango. Alimwangalia kidogo, akingoja aseme Mjomba aitwe, na mama akavuka na mtoto wake.

Nyumbani mumewe alikwenda jikoni kuchemsha maji. Mama akajilaza, mtoto kifuani. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na mashine wala mgonjwa wa jirani, nyumba ilikuwa kimya. Akaisikiliza ile pumzi ndefu aliyokwisha kuizoea. Ikapanda, ikashuka.

Chini yake akasikia nyingine.

Ilikuwa nyembamba, ya mbiombio, isiyo na mpangilio. Ikasimama. Mama akaacha kupumua yeye mwenyewe. Kisha ikaanza tena. Hakuna aliyeiamsha. Ikasimama, ikaanza, ikasimama, ikaanza, yenyewe, pumzi ya mtoto aliyekuwa akijipumulia kutwa kucha na hakuna aliyemsikia, na mama akaelewa kwamba ilikuwa inatosha, labda tangu siku ile ya Mjomba, labda tangu mwanzo. Halafu ile kubwa ikavutwa juu yake, ikaifunika.

Akajitupa kutoka kitandani, akafika mlangoni na mtoto mikononi. Akasimama hapo. Hakuwa na pa kumpeleka. Ganzi ikamwachia yote kwa pamoja, machozi yakamtoka kana kwamba hata ya wale wawili wa mwanzo yalikuwa yanamngoja hapo, na hakuweza kuyazuia.

"Mke wangu," mumewe akaita kutoka jikoni, kwa furaha. "Mtoto anapumua vizuri?"

"Anapumua," akajibu.